Kabla Haijapaa: Maneno kwa Vijana wa Lubumbashi Wenye Droni Mpya

Jambo sana kwenu wote. Papa shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu, aksanti kwa kutufungulia ukumbi huu na kwa kukubali kukaa nasi. Mama zangu mliokuja na watoto wenu, karibuni. Na ninyi wadogo zangu mliopakata maboksi mapya, naona mikono yenu inavyowasha. Nawaomba msifungue bado.

Kazi yangu ni picha za harusi. Nimezunguka na kamera Kamalondo, Katuba, Ruashi, Kampemba, na droni nimeishika mwaka wa saba sasa. Nilipoambiwa nije kuwafundisha namna ya kuanza, nilikaa nikaandika habari za vijiti vya kuongozea droni, mwendo, namna ya kuzunguka mti. Halafu nikakumbuka kila droni niliyoiona ikivunjika, na kila mtu niliyemwona akiumia, nikatafuta kosa lilitokea wapi. Karibu kila mara lilitokea chini. Mtu alikuwa na haraka, bibi harusi anatoka kanisani, jua linazama, akaruka jambo moja. Kile chombo kilipofika juu kilifanya kile kile kilichoagizwa. Kwa hiyo leo nitakaa nanyi chini kwa muda mrefu, na huko juu tutapita haraka.

Nianze na jambo ambalo halimo katika kile kitabu kidogo ndani ya boksi. Mwaka juzi niliitwa kwenye harusi upande wa Annexe. Sherehe ya uani, turubai, viti vya plastiki, muziki. Niliinua droni nyuma ya jiko, nikidhani nyuma ya jiko hakuna watu, kwa sababu nilikuwa nahesabu wageni tu. Lakini akina mama walikuwa pale wanasonga bukari. Mlio ulipoanza, mama mmoja aliacha mwiko, akamvuta mtoto aliyekuwa karibu, akalala naye kando ya ukuta akamfunika kwa mwili wake. Mtoto hakuwa wake. Mama yule alikuwa amekimbia vita huko mashariki, amefikia kwa ndugu zake hapa kwetu. Nilishusha droni nikaenda kumwomba msamaha. Hakunikaripia. Aliniambia tu, "Papa, ungetuambiaka mbele."

Tangu siku ile sijainua droni popote bila kuwaambia watu kwanza, na ninapowaambia naanzia jikoni.

Nchi yetu ina historia yake na chombo hiki. Tarehe 3 Desemba 2013, Umoja wa Mataifa ulizindua pale Goma droni za kwanza kutumiwa na walinda amani wake. Zilikuwa kubwa, aina ya Falco kutoka Italia, hazikuwa na silaha, kazi yake kutazama. Mwezi Mei 2014 mojawapo ikaona mtumbwi uliopinduka katika ziwa Kivu, boti zikatumwa, watu wakaokolewa. Hiyo ni droni. Na ile inayoua kutoka juu ni droni pia. Mtu aliyeko chini hawezi kujua ni ipi. Anachosikia ni mlio tu. Ninyi mtakaporusha kitu cha gramu 249 juu ya paa la mtu, msitegemee akione kidogo kama mnavyokiona ninyi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni miguu. Nenda kwa shefu wa avenyu, nenda kwa shefu wa kartie. Mwonyeshe droni ikiwa imezimwa, mpe aishike mkononi, mwambie utairusha lini, kwa muda gani, unapiga picha ya nini. Zungukia nyumba zinazopakana na mahali utakaporushia. Hili linachukua nusu saa, na katika miaka yangu yote halijawahi kuninyima kazi. Majirani wakijua, wao ndio watakaowazuia watoto wasikimbilie pale inapotua. Wasipojua, utasikia, "Weye! Hii kintu njo ya nani?" na kabla hujajibu, mawe yameanza.

Kuna karatasi pia, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Wengine wanasema droni ndogo haina sheria. Si kweli. Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga uliotiwa saini Chicago mwaka 1944, ibara ya 8, unasema chombo kisicho na rubani hakiruki juu ya nchi bila ruhusa maalumu ya nchi hiyo. Kongo ni mwanachama. Hapa kwetu anga ya kiraia inasimamiwa na mamlaka iitwayo AAC, na viwanja vya ndege vinaendeshwa na shirika liitwalo RVA. Nenda ukaulize, uandike barua, upate kibali, na kopi yake ikae ndani ya mkoba wa droni. Zile gramu 250 mnazozisikia kwenye video ni mpaka uliowekwa na nchi kama Marekani katika sheria zao za kusajili. Haziwapi ninyi haki yoyote hapa Lubumbashi.

Na msidhani mashine yenyewe itawazuia. Zamani droni za kampuni ya DJI zilikuwa zinakataa kabisa kuwaka karibu na uwanja wa ndege. Tangu 2024 kule Ulaya, na mwanzoni mwa 2025 kule Marekani, kampuni hiyo ilibadilisha mpango wake: sehemu nyingi sasa unapata onyo kwenye kioo cha simu, na uamuzi unabaki mikononi mwako. Uwanja wa Luano uko karibu na makazi ya watu. Ndege inayotua pale inashuka chini sana juu ya mapaa, na rubani wake hawezi kuona kitu cha ukubwa wa mkate. Upande ule usirushe. Usirushe pia juu ya kambi za jeshi, iwe Vangu au nyingine, wala majengo ya serikali, magereza, mpaka wa Kasumbalesa. Uwanja wa TP Mazembe siku ya mechi, umejaa watu: hapana. Na najua kila mmoja wenu anataka ile picha ya bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba jua likizama. Hata mimi moyo unanidunda nikilitazama bomba lile, ndilo sura ya mji wetu. Lakini pale ni mali ya kampuni na kuna walinzi. Omba ruhusa, au simama mbali katika barabara ya watu wote na kamera yako ya mkononi. Picha itakuwa nzuri vilevile.

Sasa tufungue boksi, lakini kwa maneno tu.

Cha kwanza kushughulikia ni betri. Hizi ni betri za lithiamu. Zina nguvu nyingi ndani ya kitu kidogo, na zikiharibika zinawaka moto mkali. Mjini kwetu mnajua hali ya umeme: unakatika jioni, unarudi saa saba za usiku. Mtu anaacha chaja kwenye plagi, analala, umeme unarudi betri inaanza kuchaji peke yake juu ya godoro. Mdogo mmoja aliyejifunza kwangu aliamshwa na moshi. Mungu alisaidia, iliungua meza tu. Chaji mchana ukiwa macho, juu ya sementi au vigae, mbali na pazia na kitanda, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Betri ikitoka kuruka bado ina joto. Iache ipoe kwanza ndipo uichaji. Ikivimba hata kidogo, imekufa. Usiibonyeze, usiitoboe, usiseme nitaitumia mara moja ya mwisho. Na kama hutaruka kwa wiki mbili, usiiweke ikiwa imejaa wala ikiwa tupu. Iache kati ya asilimia 40 na 65. Wanaosafiri kwa ndege kwenda Kinshasa, betri zinakaa na wewe ndani, kwenye mkoba wa mkononi, haziendi kwenye mzigo wa chini.

Halafu programu. Droni nyingi mpya haziruki kabla hazijaamshwa kwa intaneti, na mara nyingi zinadai programu mpya ya ndani siku ile ile ya kwanza. Nimeona vijana wamefika porini, wamelipa teksi, halafu mega za intaneti hakuna, siku imepotea. Fanyeni haya nyumbani, betri ikiwa imejaa, na si wakati umeme unacheza cheza. Droni ikizimika katikati ya kupokea programu inaweza isiamke tena.

Propela, sisi hapa tunaziita elisi. Ziko nne lakini si za aina moja. Mbili zinazunguka kwa mwendo wa saa, mbili kinyume chake, na kila moja ina alama yake inayolingana na alama ya mkono wake. Ukizichanganya, droni inajipindua pale pale inapotaka kuinuka, na zile elisi zinakata chochote kilicho karibu. Kabla ya kila safari pitisha ukucha kwenye ukingo wa kila moja. Ukihisi mkwaruzo au ufa, badilisha, hata kama ni ya jana. Elisi ya akiba ni bei ya sahani chache za bukari na samaki.

Na kile kifuniko cha plastiki mbele ya kamera kitoe kabla ya kuwasha. Ndani kuna mota ndogo sana zinazoituliza kamera, na ukiwasha zikiwa zimebanwa zinaumia.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo, kama mtasahau mengine yote, nawaomba mlishike hili: nyumbani.

Droni ikiwashwa inatafuta setilaiti. Ikizipata za kutosha inaandika mahali ilipo na kupaita nyumbani. Baadaye, ukipoteza mawasiliano kati yake na telekomandi iliyo mkononi mwako, au betri ikikaribia kwisha, inafanya safari ya kurudi peke yake: inapanda mpaka kimo ulichokipanga wewe, inakuja moja kwa moja kwa mstari ulionyooka, inashuka. Ni ufundi mzuri mno. Umeniokolea droni mara kadhaa. Lakini sikilizeni maneno haya: kimo ulichokipanga wewe. Mahali palipoandikwa kabla hujaondoka.

Kwanza kimo. Droni yangu ya kwanza niliipoteza kwa kimo. Nilirusha karibu na shamba lenye safu ya mikalitusi. Kimo cha kurudi kilikuwa mita 20. Sikukiangalia, kilikuwa hivyo tangu nilipoinunua. Ile miti ilikuwa inakaribia mita 30. Mawasiliano yalikatika nyuma ya miti, nami nikafurahi nikijua itarudi. Ilirudi kweli. Ilikuja imenyooka, kwa utii wote, ikaingia kwenye majani. Droni nyingi ndogo za bei nafuu zina macho upande wa chini tu. Mbele hazioni kitu. Kwa hiyo, kila mahali papya, kabla ya kuwasha, simama uzunguke taratibu na macho yako. Tafuta kitu kirefu kuliko vyote: mti, mnara wa simu, nguzo ya umeme mkubwa. Ongeza mita 20 juu yake. Hicho ndicho kimo chako cha leo. Kesho mahali pengine utakibadilisha. Kitabu cha droni yako kitakueleza pia inafanya nini ikiwa iko karibu nawe sana, maana aina nyingine zikiwa karibu hazipandi kwanza.

Jambo la pili ni msafara wa harusi. Hapa kwetu maharusi wakitoka kanisani, magari yanapiga honi yanazunguka mji. Kijana anarusha pale kanisani, anaingia kwenye gari lililo wazi nyuma, anafuata msafara huku anaongoza. Video inapendeza. Lakini kwa droni, nyumbani ni kanisani bado. Mawasiliano yakikatika kati ya majengo ya mjini, itageuka kurudi kanisani, ambako hakuna mtu wake, na itatua katikati ya watoto. Kwa msafara mimi nasimama mahali pamoja, nangojea magari yapite. Nawaambia wenye harusi waziwazi sababu yake. Hakuna aliyewahi kukasirika.

Na la tatu, dira. Ndani ya droni kuna dira kama ile ya mabaharia, na chuma kinaidanganya. Usirushe kutoka juu ya boneti la gari, juu ya bati, wala juu ya sakafu ya ghorofa yenye nondo ndani. Kabla ya kuinuka, tazama mshale kwenye ramani ya simu, halafu tazama pua ya droni chini. Vikielekea upande mmoja, endelea. Vikipishana, zima, sogea mita kumi, uanze upya. Nimewahi kumwona mtu akiupuuza mshale huo. Droni ilianza kuzunguka mduara unaopanuka, akabonyeza kila kitu, ikaishia ukutani.

Huko juu sasa. Washa telekomandi kwanza, droni baadaye. Ukimaliza zima droni kwanza. Ngoja mpaka simu iseme nyumbani pameandikwa. Inua mita mbili, tatu, uache vijiti, utazame kwa dakika nzima: imesimama, au inateleza? Inasikika kama jana? Asubuhi za Juni na Julai, baridi yetu ya huku Katanga inadhoofisha betri, kwa hiyo hiyo dakika inaipasha joto pia. Halafu jifunze ikiwa imekupa mgongo: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Ikishakaa mkononi, igeuze ikutazame. Hapo kushoto kwako kunakuwa kulia kwake, na hapo ndipo vijana wengi wanagonga ukuta. Fanya namba nane polepole, mpaka mkono usifikiri tena. Ukichanganyikiwa, acha vijiti. Itasimama yenyewe.

Upepo: nenda ukiupinga, urudi ukisukumwa nao. Ukifanya kinyume, betri itaisha njiani. Dakika zilizoandikwa kwenye boksi zilipimwa mahali pasipo upepo; usiziamini. Betri ikifika asilimia 50 geuka, na ikifika 30 iwe chini. Nchi nyingi zimeweka mwisho wa kimo wa mita 120, nami nawashauri mshike hapo au chini yake. Kumbukeni namba ya kimo kwenye kioo inahesabiwa kuanzia uliporushia: ukirusha kutoka juu ya kilima, droni iliyo mita 60 kwenye kioo inaweza kuwa zaidi ya mita 100 juu ya nyumba za bondeni. Usishuke kwa kasi moja kwa moja chini, maana elisi zinaingia katika hewa ziliyoivuruga zenyewe, droni inayumba na kuanguka. Shuka ukisogea mbele. Juu ya maji ya Kipopo kaa mbali na uso wa ziwa, kwa kuwa macho yake ya chini hayawezi kusoma maji yanayometa. Mwewe akija, panda polepole ukiondoka, halafu utue. Msimu wa mvua, ukisikia radi hata mbali, kazi imekwisha.

Mwisho, vidole. Mnaona kwenye video watu wanaidaka droni kwa mkono. Msaidizi wangu alijaribu mbele ya wageni. Elisi ni nyepesi kama karatasi lakini inazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Ilimkata vidole viwili mpaka mfupa. Alishonwa, akapona, lakini miezi mitatu hakuweza kubadilisha lenzi. Angekuwa mtoto, ingekuwa jicho. Kwa hiyo mahali pa kurushia na kutua weka kamba au mstari wa chokaa, mita tano kila upande, na mtu mmoja kazi yake iwe kutazama watoto tu. Mtu huyo asiwe na kamera. Msaidizi mwenye kamera atatazama kamera. Na usipite kamwe juu ya vichwa vya watu. Bibi harusi unaweza kumpiga ukiwa pembeni, kwa pembe ya chini, na gauni lake litaonekana vizuri zaidi kuliko kutoka utosini.

Yaya mmoja, ndugu yetu mkubwa, aliniuliza pale mlangoni kama ataweza, kwa kuwa hajawahi kushika hata kamera ya kawaida. Ataweza. Waliozoea michezo ya simu ndio wanaonipa wasiwasi, wana vidole vyepesi mno.

Kesho tunakutana kwenye kiwanja cha vumbi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya upepo na kabla ya watoto. Papa shefu ameshaarifiwa, na barua zetu zimejibiwa. Njooni na betri moja iliyojaa, elisi za akiba, na chokaa. Kadi za kamera ziacheni nyumbani, kesho hatupigi picha. Nyumba ya kona upande wa kushoto, yenye geti la bluu, ndipo anapokaa mama mwenye watoto wadogo watano. Nimemwambia leo mchana, lakini tutapita kwake tena asubuhi, sote pamoja, awaone nyuso.